Marinda ya Chloé kwa harusi ya Januari Tanga

Dada, umeuliza kama gauni la marinda ya shifoni, kama yale ya onyesho la kwanza la mbunifu Chemena Kamali kwa Chloé, jumba la mitindo la Ufaransa, Paris, Februari 2024, litafaa harusi ya Januari hapa Tanga. Litafaa sana. Ila usikubali fundi akate vipande vilivyonyooka na kuvikusanya kwa uzi. Vitarundikana kiunoni na ule mteremko wote utapotea.

Akate maduara. Tundu la katikati liwe na nusukipenyo cha sentimita 10, upana wa rinda lenyewe sentimita 20, kisha achane kutoka ukingoni hadi tunduni. Ukingo wa tundu, unaoshonwa kwenye gauni, unapata sentimita 63 hivi, ukingo wa nje karibu 188, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta mawimbi. Atumie sindano namba 9, na aweke karatasi nyembamba chini ya shifoni isimezwe na cherehani. Akishaunganisha, gauni litundikwe usiku kucha kabla ya kupindwa, maana palipokatwa mshazari hurefuka. Mafundi wengi wenye haraka huruka hatua hii, pindo likaenda kombo.

Bitana iwe pamba nyepesi. Satini ya poliesta kwenye joto la Januari hunata mwilini.