Kwa mnaoanza kuigiza huku Lamu: anzeni na mikono

Wadogo zangu, vijana wanaonijia barazani huniuliza swali moja: nifanyeje nipewe nafasi ya mhusika mkuu? Mimi sijawahi kuwa mhusika mkuu. Nimekuwa nahodha, kadhi, mchuuzi wa samaki, baba mkwe, mlinzi wa ghala, mgonjwa wa kitandani. Naipenda kazi hii hadi leo, kwa hivyo nitawaeleza ninayoyajua, nayo ni kazi ya yule anayeingia, akasema maneno manne, akatoka.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa ya muuza kahawa. Skripti ilinipa sentensi moja: "Leo hukulala, bwana?" Niliikariri usiku kucha, mara kwa huruma, mara kwa utani, mara kwa kunong'ona. Asubuhi nikapewa dele, yaani birika la kahawa, na vikombe, mikono ikanifedhehesha. Dele nililishika kama birika la chai. Vikombe nilivibeba kwa mikono miwili, kama niliyeambiwa niondoe vyombo baada ya karamu. Mwelekezi alikuwa mtu wa bara, hakuona kasoro. Lakini mzee mmoja wa mtaani aliyekuja kututazama aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, muuza kahawa halitazami dele lake."

Neno lile liliniuma, nikaenda kukaa na muuza kahawa wa kweli, jioni baada ya jioni. Vikombe vyake vyote vilikaa katika kiganja kimoja, na vidole vilivigonganisha vyenyewe huku yeye akizungumza mambo mengine kabisa. Mlio ule ndio uliokuwa ukiita wateja. Akimimina, mdomo wa dele ulianza karibu na kikombe, kisha mkono ukapanda, uzi wa kahawa ukarefuka, ukakatika bila tone kuanguka. Macho yake wakati huo yalikuwa kwa mteja wa tatu. Nilikwenda nyumbani nikafanya mazoezi kwa maji, nikalowesha mkeka siku nyingi. Nilipokuja kuitwa tena kwa nafasi kama ile, sentensi sikuikariri hata kidogo. Ilitoka yenyewe, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli yake.

Basi ukipewa nafasi ya fundi wa jahazi, usianze na maneno. Nenda wanakokalafati, uone pamba inavyoingizwa kati ya mbao, na fundi anavyokaa akichoka. Huku kwetu mafundi hawako mbali, na ukiwaamkia kwa adabu hawamfukuzi mtu.

Tazameni na waliotutangulia. Benson Wanjau, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya KBC, alikuwa Mkikuyu. Aliigiza Mjaluo miaka na miaka, na wengi hawakujua hadi alipofariki mwaka 2015. Lafudhi peke yake haifiki huko. Alikuwa na mwendo wa yule mzee, namna yake ya kukasirika, namna yake ya kuketi.

Na kwa wanaonung'unika kwamba wamechelewa, tafuteni habari za Harry Dean Stanton, mwigizaji wa Marekani. Alizaliwa Kentucky mwaka 1926, akawa mpishi katika meli ya jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaingia kuigiza. Kwa miongo mitatu alikuwa askari, mhalifu, fundi, jirani, katika filamu na vipindi vya televisheni visivyohesabika. Mwaka 1984, akiwa na umri wa karibu miaka 58, ndipo akabeba filamu nzima mabegani, Paris, Texas, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Mwanzoni anatembea jangwani na kofia nyekundu bila kusema neno. Anaingia dukani, anafungua friji, anatia barafu kinywani, anaanguka. Mimi huwaonyesha vijana pale tu, nikawauliza: mmejua nini kumhusu? Huwa wamejua mengi.

Kuhusu lugha nina jambo zito moyoni. Mtaambiwa na watu wa bara, "ongea kipwani," na wanachotaka ni kuvuta maneno na kuchekesha. Msikubali kuwafanya wazee wetu vichekesho. Mwambieni mwelekezi kwa upole kwamba mtu wa Amu, yaani Lamu, husema "ndoo," hasemi "njoo", husema "moya," hasemi "moja", na macho kwake ni "mato." Mwombe akuachie neno moja au mawili ya hivyo, na mengine useme kwa kawaida. Mara nyingi hukubali. Mtazamaji wa Nakuru ataelewa, na bibi yako akitazama hataona haya.

Mambo mengine ni ya kazi tu. Fikeni mapema, maana vichochoro vyetu hupata mwanga mzuri kwa muda mfupi, na punda mmoja akilia sauti yote inarudiwa. Kumbukeni mlifanya nini kwa mkono upi: niliwahi kushika bakora kwa kulia, tukapumzika kwa adhana na sala, nikarudi nikaishika kwa kushoto, na siku ya pili ikabidi watu ishirini warudie mandhari ile kwa ajili yangu. Tangu hapo, kila tukisimama, humwomba mtu anipige picha kwa simu.

Malipo yaandikwe kabla hujavaa nguo ya kazi: kiasi gani, lini, na nani anayelipa nauli ya boti hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na basi la kwenda na kurudi. Kampuni moja iliniahidi kwa mdomo tu, na pesa ile sikuiona.

Siku hizi odisheni nyingi, yaani majaribio ya kuomba nafasi, hurekodiwa na kutumwa kwa simu. Simama ukitazama dirisha, si ukilipa kisogo. Tandika godoro na tundika kanga ukutani ili sauti isirudi. Simu iwe usawa wa macho, imeegemezwa, isishikwe na mtu. Na ukiwa unaigiza mchuuzi, shika samaki wa kweli.