Mwambie Kabla Hajaonja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mtu anaweza kujenga uhusiano wa kikazi wenye uzito na mwenzake wa mbali ambaye hawajawahi kuketi meza moja. Nasema anaweza, na sharti langu ni moja: habari mbaya isemwe kabla haijagunduliwa.

Mimi ni mwonjaji wa kahawa hapa Nairobi. Napitia sampuli kabla ya mnada wa Jumanne, kisha nazungumza na wanunuzi wa Ulaya. Ninayeshirikiana naye zaidi ni mama mmoja mkaangaji wa kahawa huko Hamburg. Msimu wa baridi saa zao ziko nyuma yetu kwa mbili, wa joto kwa moja, kwa hiyo huwa tunaonja pamoja, kila mtu mezani kwake, kahawa ya shehena ileile. Tunamimina maji ya moto juu ya unga, tunangoja dakika 4, tunavunja utando kwa kijiko huku tumeinamisha pua, tunaiacha ipoe kidogo, kisha tunaivuta mdomoni kwa kishindo. Halafu simu.

Mwanzoni simu zile zilikuwa heshima tupu. Nikisema nzuri, naye anasema nzuri sana. Ni daraja la AA, basi yameisha. (AA ni ukubwa wa punje tu, haielezi utamu, wengi huchanganya hapo.) Mambo yalibadilika ilipokuja sampuli ya Nyeri iliyonuka kuchacha. Nilimwandikia kabla hajachemsha maji: hii imekaa mno kwenye matangi ya kuchachushia, usiinunue kwa bei hiyo. Akanipigia papo hapo, naye akafunguka. Kumbe ile ladha kali ya matunda ninayoisifu kila mara, yeye alikuwa haipati vizuri, na alisita kuniambia. Tukachambua kila hatua mpaka tukafika kwenye maji ya mfereji wake. Maji yenye chokaa nyingi huzima ukali huo. Tangu hapo tumekubaliana kiwango cha madini kwenye maji ya kuonjea, na akisema neno kuhusu kahawa, najua anamaanisha nini.

Lakini umbali unaoniumiza zaidi uko hapa nchini. Nyeri ni kama kilomita 150 tu kutoka Nairobi, na bado wakulima wengi hupeleka matunda ya kahawa kiwandani, wakalipwa baada ya miezi, bila mtu kuwaambia kahawa yao ilionjwa ikawaje. Hilo si haki. Jasho ni lao.

Kwa hiyo nilimwomba mama wa Hamburg tumpigie pamoja meneja wa kiwanda kilichotoa sampuli ile, mimi nikitafsiri. Tulisalimiana kwa kirefu, na mzee akaulizwa kuhusu mvua kabla ya chochote. Hakuulizwa nani wa kulaumiwa. Akaeleza mwenyewe: mashine ya kumenya ilikwama, matunda ya siku mbili yakaingia tangi moja. Kisha naye akauliza maswali yake: kahawa yetu mnaikaanga vipi, wanaoinywa wanasemaje? Alijibiwa yote, hata yasiyopendeza.

Siku hizi mashine ikikwama hunitumia ujumbe usiku uleule, nami asubuhi humwarifu mama wa Hamburg, kabla sampuli haijafungwa.