Usinunue rangi, soma namba: nilivyopigwa na Z28 feki

Mwaka 2016 nilinunua Chevrolet Camaro ya 1969, rangi ya chungwa kali, michirizi miwili myeupe juu ya boneti, nembo za Z28 mbele na nyuma. Nililipa dola 41,000 kwa sababu jamaa aliyeniuzia aliniapia kabisa kwamba ni Z28 orijino, lile toleo la Camaro lenye mashine ya mbio. Haikuwa. Ilikuwa Camaro ya kawaida, tena ya kijani, iliyovalishwa nguo za Z28, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ushahidi wote ulikuwepo pale pale kwenye gari siku ile nasimama kusikiliza mngurumo wake, ila mi sikujua pa kuangalia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila mwaka napigiwa simu na ndugu zetu wa huku Marekani, Wabongo na Wakenya, mtu kahangaika miaka, watoto wamemaliza chuo, sasa anataka ajipe zawadi ya zile gari za misuli za Kimarekani za miaka ya 60 na mwanzo wa 70, na swali lake la kwanza huwa ni "ina kasi?" Jamani, kasi baadaye. Kwanza ujue hiyo gari ni nani.

Shida iko hivi. Gari nyingi za aina hii hazikuwa gari za peke yake, zilikuwa gari za kawaida ambazo mteja aliongeza hela akawekewa mashine kubwa, breki nzuri na nembo. Camaro za 1969 zilitengenezwa zaidi ya 240,000 na kati ya hizo Z28 ni 20,302 tu, lakini bodi ni ile ile, na siku hizi kila nembo na kila kipande cha boneti unaagiza mtandaoni kinakuja mlangoni. Kwa hiyo kuigeuza ya kawaida ionekane Z28 ni kazi ya fundi mzuri na miezi michache, na bei inaruka.

Mimi naishi Cincinnati, na Norwood, pale kiwanda kilipokuwa kinatengeneza Camaro mpaka kilipofungwa 1987, ni hapa hapa, jirani kabisa. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mle ndani ndo aliyenifungua macho. Alifungua boneti, akaomba tochi na kitambaa, akafuta kile kibati kidogo kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini upande wa dereva. Pameandikwa 02B, maana yake gari iliunganishwa wiki ya pili ya mwezi wa pili. Rangi 57, yaani kijani iliyokolea, wakati rangi yangu ya chungwa msimbo wake ni 72. Halafu chini kuna X11. Camaro za Norwood kuanzia kama Desemba 1968 ziliwekewa hii misimbo ya X, na Z28 inatakiwa isome X33 au X77. X11 sio Z28, hakuna mjadala. (Angalizo: za kiwanda cha Van Nuys, California hazina msimbo wa X kabisa, kwa hiyo kukosekana kwake huko hakuthibitishi chochote.)

Nikamwambia lakini mzee, mashine imepigwa muhuri wa DZ, na DZ ndo ile mashine ya inchi za ujazo 302 ya Z28. Akashuka pale mbele ya silinda hedi ya kulia, chini ya alteneta, kuna kipande bapa cha chuma ndo muhuri unapopigwa, akakisafisha vizuri. Imeandikwa V0128DZ. V ni kiwanda cha Flint, 0128 ni tarehe 28 Januari. Safi. Kisha akaenda nyuma ya bloku upande wa abiria, kule inapokutana na giaboksi, kuna tarehe ya siku chuma chenyewe kilipomiminwa, na yangu inasoma E 12 9. Herufi zinahesabu miezi, A ni Januari, kwa hiyo E ni Mei: tarehe 12 Mei 1969. Yaani mashine inadai iliunganishwa Januari, na bloku yake imezaliwa Mei! Mtu alisaga muhuri wa zamani akapiga wake.

Hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho sasa nafanya kila ninapoitwa kukagua: panga tarehe. Bloku imiminwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, gari itoke mwisho. Ikivurugika hata moja, bei ishuke au uondoke. Na kile kipande bapa kiangalie kwa karibu sana, kiwandani kiliachwa na mistari myembamba iliyonyooka kwenda mbele na nyuma kama ya msumeno mwembamba, ukikuta pamelainishwa au kuna mikwaruzo ya mzunguko, pana mkono wa mtu.

Namba ya chesesi kwenye dashibodi, inayoonekana kwenye kioo cha mbele, nayo inaongea. Camaro ya 1969 ikianza na 123 ilizaliwa na silinda sita, kwa hiyo haiwezi kuwa Z28 wala SS (toleo jingine la nguvu) hata muuzaji alie machozi. 124 ni V8, lakini haikwambii ni V8 ipi. Ribiti za kibati chake ziwe zenye umbo la ua, zikiwa za duara za kawaida uliza maswali.

Kwa gari nyingine kwa kifupi: Pontiac GTO za 1966 mpaka 1971 namba ianze na 242. Chevelle SS 396 za 1966 mpaka 1968 ni 138, ila kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza tu na namba haikusaidii tena, hapo dai karatasi za kiwandani. Plymouth na Dodge za 1966 mpaka 1971 hivi angalia herufi ya tano ya namba ya chesesi, kwa mfano R ndo ile mashine kubwa ya Hemi 426 kwenye 'Cuda (Plymouth Barracuda) na Dodge Challenger za 1970. Ford ndo rahisi, kuanzia 1967 unalipia ripoti ya Marti inakueleza gari ilitoka kiwandani ikiwa na nini, na mi nasema Mustang bila hiyo ripoti usiguse.

Bodi tembea na sumaku iliyofunikwa kitambaa, isiposhika chini ya milango na juu ya tairi za nyuma ujue kuna puti (ile plasta ya kujazia bodi). Inua kapeti ya buti, kwangu ndo nilikokuta kijani cha zamani bado kipo.

Na hapa Ohio kuuziana gari lazima msaini mbele ya mthibitishaji, kwa hiyo kabla hamjaenda, chukua taito (hati ya umiliki wa gari) ushike mkononi, simama mbele ya kioo, soma namba ya chesesi herufi kwa herufi, na fanya hivyo mchana.