AC ya pikapu haipozi kwenye foleni? Usikimbilie kujaza gesi

Juzi kijana mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, Hilux yangu nikiwa natembea AC inapuliza baridi safi, nikisimama kwenye foleni inaleta joto. Fundi kasema gesi imeisha. Nimpe hela ajaze?"

Mdogo wangu, usimpe. Kwanza chukua chupa ya maji. Nitakueleza ya nini.

Hela hiyo mimi nilishaitoa, tena kwenye gereji yenye kibao kikubwa na sehemu ya kusubiria yenye TV. Nilikuwa nabeba mananasi kutoka Kiwangwa kuleta Mabibo. Kutoka shambani hadi Bagamoyo ni raha tupu, shati kavu. Ukifika Tegeta magari yamesimama, baridi inakata. Mpaka Mwenge vioo vyote chini, jasho linatiririka, na mzee niliyempa lifti ananishauri niuze gari.

Gereji wakajaza gesi. Hali ikabaki ileile, nikarudi, wakaongeza. Geji ya kupima presha ya gesi waliifunga, sikatai, ila sikumwona mtu akiisoma. Na kila wakiongeza, foleni ndiyo inazidi kuwa tanuri, mpaka kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, ikaanza kujikata yenyewe. Hapo wakatoa hukumu: kompresa imekufa, lete mpya. Bei niliyotajiwa siiandiki, presha isije ikanipanda upya.

Nikaondoka na gari langu, nikaazima geji kwa jirani yangu anayetengeneza mafriji. Mchana wa jua kali, gari limesimama, injini inawaka, AC imefunguliwa hadi mwisho. Pikapu nyingi tunazoendesha zinatumia gesi ya R134a, na kwa joto la Dar la nyuzi 32 hivi, mshale wa bluu, wa presha ya chini, unatakiwa ucheze kati ya 30 na 45 psi, mwekundu, wa presha ya juu, kati ya 200 na 250 au juu kidogo. Wangu wa bluu ulikuwa umepita 60, mwekundu unaitafuta 400.

Sasa hiyo ni gesi iliyoisha? Gesi ikipungua, mishale yote miwili inalala chini. Kompresa ikichoka, bluu inapanda na nyekundu inashuka, zinakaribiana. Zote mbili zikiwa juu, mara nyingi gesi imezidi au kondensa, ile kama rejeta iliyo mbele ya gari, imeshindwa kutoa joto. Hivi ni vitu vya siku ya kwanza ya ufundi wa AC, na watu wanakaa na kibao kikubwa barabarani bila kuvijua!

Nikatoboa kifuniko cha chupa ya maji kwa msumari, nikaanza kuinyunyizia kondensa kwa mbele, kupitia kwenye grili, mkono mbali na feni. Mshale mwekundu ukaanza kushuka huku nauangalia: 350, 300, 260. Mke wangu aliyekuwa ndani akagonga kioo: "Baridi imekuja!" Maji ya bomba yalifanya ambacho mtungi mzima wa gesi haukufanya.

Maana yake kondensa ilikosa upepo. Gari likitembea, upepo wa barabarani unaipoza. Likisimama, inaitegemea feni. Feni ya Hilux yangu ya dizeli inaendeshwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Nikazima injini ikiwa bado ya moto, nikaisukuma feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Yangu ilizunguka yenyewe kama haijafungwa popote, na katikati yake palikuwa na ukoko mweusi wa mafuta na vumbi. Silikoni ilishavuja zamani. Halafu, kati ya kondensa na rejeta, mbegu za nyasi za Kiwangwa zilikuwa zimeshikana na vumbi mkeka mzima. Kwa mbele kondensa inang'aa. Bila kulegeza rejeta na kuchungulia kwa tochi, huoni kitu.

Nikabadilisha klachi ya feni. Tukaosha kwa maji ya mpira, taratibu, kutokea ndani kwenda nje, kwa sababu mashine ya presha inalaza mapezi ya kondensa. Kisha gesi yote ikanyonywa na kujazwa upya kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti. Ile kompresa "iliyokufa" inapiga kazi hadi leo. Na pale gereji nilipita makusudi, vioo vimefungwa, polepole.

Ndugu zangu, gesi ya AC haichomwi kama dizeli. Inazunguka tu humo kwenye mabomba. Ikipungua imevuja mahali, na anayekujazia bila kutafuta pa kuvujia anakuuzia gesi ya wiki chache. Angalia viungo vya mabomba: penye doa bichi la mafuta, paka povu la sabuni. Mfuko ni wako, usione aibu kusimama pembeni ya fundi na kumwambia akusomee geji. Akinuna, anune.

Kama shida yako ni upepo mdogo hata ukiweka namba ya mwisho, hapo usihangaike na geji wala feni ya mbele. Fungua kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, toa filta ya hewa, ile inayodaka vumbi. Gari kama halina filta kabisa, na mengine yaliuzwa hivyohivyo, vumbi lote limeishia kwenye evaporeta, ile inayopoza hewa ndani ya dashibodi, na hiyo mara nyingi ni kazi ya kushusha dashibodi. Tenga siku nzima.