Kujiamini na kisukari: mimi nilidanganya daftari karibu miaka miwili

Pole sana mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Umesema una miaka 23, kisukari aina ya kwanza una miezi nane nacho, ukiwa na washkaji sindano ya mchana unairuka wasikuone, mpira umeacha, na wiki ijayo una usaili wa kazi unaogopa hata kuingia mlangoni. Unauliza kujiamini kunarudije. Mimi huu mwaka wa 11 nipo na hii kitu, ilinianza nikiwa na 20, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta, mambo ya dozi mbane daktari wako maana mwili wako sio wangu.

Kabla ya yote hiyo ya kuruka sindano acha, acha leo. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili yenyewe imeua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, sasa ukiruka sukari inajaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, unaanza kuchoma mafuta, ketoni (asidi zinazotokana na kuchoma hayo mafuta) zinapanda, unatapika, unahema kama umekimbia mbio na safari inaishia wodini. Nilishalala siku nne kwa ujinga huo huo, eti sikutaka watu wajue naumwa, wakajua wote na wakaja kuniona na dripu mkononi. Alafu ulivyoandika "nilijitakia mwenyewe", nani kakwambia? Aina ya kwanza haiji kwa kula sukari. Hata hiyo ya pili kuna urithi, kuna umri, kuna uzito, mambo kibao, sio kesi ya wizi.

Sasa twende kwenye kujiamini. Mimi nilikuwa najichomea chooni. Kila siku mchana nikiwa kazini najifungia, simu naishika kwa meno ili inipe mwanga maana taa ya mle ilikuwa imekufa muda mrefu, shati nimelipandisha nimelibana kwa kidevu, kalamu ya insulini mkono mmoja, kile kisindano kipya nakifunga kwa vidole vinavyotetemeka na huku nasikiliza kama kuna mtu anaingia. Siku nyingine kikadondoka sakafuni nikawa nakitafuta nimepiga magoti. Ukitoka humo utajionaje mtu kamili? Unatoka umeinama, na unahisi kila mtu anajua.

Siku moja nimeshachoma, natoka nikale, bosi ananiita, njoo utuelezee hizi hesabu kwanza, dakika kumi tu. Mtu mwenye akili angesema nimeshachoma insulini lazima nile sasaivi, la sivyo sukari inashuka. Mimi nisemeje na ni siri? Nikasimama. Dakika kumi zikawa arobaini, jasho likaanza mgongoni, namba kwenye karatasi naziona mbili mbili, mdomo mzito, nikarudia sentensi moja mara tatu, na nyuma nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake "huyu kalewa". Mpaka leo hiyo sauti naikumbuka. Ila nilivyokuja kuitafakari baadaye sana nikagundua kisukari hakikuniaibisha siku ile, kilichoniaibisha ni kuficha. Ningesema neno moja tu ningekuwa nimekaa nakula na hesabu zingesubiri.

Na nilikuwa siwafichi wenzangu tu bana, nilikuwa naficha hata kliniki. Ile unaambiwa andika vipimo kila siku kwenye daftari, mimi nilikuwa sipimi, maana kila nikipima nakuta sukari 14, nakuta 17, ipo juu mno, naona kama nimefeli mtihani, kwa hiyo jioni ya kuamkia kliniki nakaa chini najaza: 6.1, 6.8, 5.9, 6.4. Miezi mitatu yote, wino mmoja, mwandiko mmoja. Karibu miaka miwili naenda hivo mpaka nikakutana na nesi mmoja wa makamo, akafungua daftari akapitisha kidole taratibu, akachukua majibu ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa kama miezi mitatu kwa kuangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, imesoma asilimia 11, yaani wastani wa kama 15 hivi. Akaniangalia akasema, "Kijana, hili daftari umeliandika jana usiku eh?" Sikujibu. Akasema tena, "Sikupi maksi mimi. Namba mbaya ya kweli naifanyia kazi, hii nzuri ya uongo niifanyie nini?" Akanipa daftari jipya nikaondoka.

Kwangu mimi ilianzia hapo, na haikuanza kwa ujasiri wowote. Nilianza kupima, basi. Pembeni ya ncha ya kidole, sio katikati, maana pembeni hapaumi sana. Wiki ya kwanza namba zilikuwa chafu kinoma, wiki ya pili nikaanza kuona mtindo, kumbe nikilala vibaya asubuhi inapaa, kumbe tumbo langu upande wa kushoto lilishakuwa gumu kwa kuchoma sehemu moja kila siku na insulini ikawa hainyonywi vizuri, nikahamia pengine. Ukishaelewa kwa nini namba imekuwa hivo, kale kahofu ka "mwili wangu hauaminiki" kanaanza kupungua kenyewe. Sisemi kanaisha.

Watu watakuletea mifano ya kukutia moyo, utaambiwa Steve Redgrave yule mpiga makasia wa Uingereza aligundulika na kisukari mwaka 1997 na akabeba dhahabu ya tano ya Olimpiki Sydney mwaka 2000. Ni kweli kabisa na ni raha kusikia, ila mimi chooni Redgrave hakunisaidia kutafuta sindano. Kilichonisaidia ni mtu mmoja wa kumwambia. Nilimchagua mshkaji niliyekuwa nakaa naye meza moja, nikamwambia nina kisukari, ukiniona natoa jasho naongea vitu havieleweki nipe kitu chenye sukari usiniulize maswali, nikizimia usinimiminie chochote mdomoni, piga simu ya dharura. Sekunde ishirini. Akasema poa, na akaniambia kumbe mama yake anacho. Kesho yake nikachomea pale pale mezani. Nilijiandaa kwa mshangao, moyo unadunda, nikachoma, mmoja akauliza "inauma?", nikasema kidogo, wakarudi kubishana kuhusu penati. Miaka yote ile nimejificha kwa sababu ya swali la neno moja.

Kuhusu usaili, kuna kitu hawakwambiagi. Woga na sukari kushuka vinafanana mno: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, vyote adrenalini hiyo hiyo. Ndo maana unaogopa mara mbili, hujui hapa naogopa au nashuka. Usikisie, pima. Pima kabla ya kuingia, ukikuta chini ya 3.9 (kama mashine yako inasoma kwa miligramu ni chini ya 70) kunywa nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari, hiyo ni kama gramu 15, subiri dakika 15 upime tena, usipige mbio uingie hivo hivo. Ukikuta imepanda kidogo usishtuke ukajichoma za ziada kwa hasira, presha ya usaili yenyewe inafanya ini limwage sukari, angalia na daktari kabla ya siku hiyo mpange mtafanyaje. Peremende weka mfuko wa shati sio kwenye begi. Ukishuka mkiwa katikati sema "naomba dakika chache nina kisukari", kwa sauti ya kawaida, fanya mazoezi ya kuitamka nyumbani hata mara ishirini mana mara ya kwanza inakwama kooni.

Mpira rudi, ila pima kabla na mapumziko, na usiku wake pia kwa sababu mazoezi yanaweza kukushusha masaa mengi baadaye umelala. Na kama kuna siku unaamka huoni hata sababu ya kuchoma, hiyo usibaki nayo peke yako, iseme kliniki kama unavyosema mguu unauma.

Ukitoka kwenye usaili niambie ulikuta ngapi kabla ya kuingia. Ya kweli, sio 6.1.