Kulipa deni la zamani hakufuti rekodi yake
Ndugu, umeuliza kama ukilipa lile deni lililouzwa kwa wakusanya madeni litatoka kwenye ripoti yako ya mikopo. Kwa kawaida halitoki, litaandikwa tu kwamba limelipwa. Kwa sheria ya Marekani, uliko, rekodi hiyo huweza kukaa takriban miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewesha malipo bila kuyafidia, na hesabu hiyo haianzi upya hata deni likiuzwa tena. Kinachoweza kuanza upya, katika majimbo mengi, ni muda wa kukushtaki mahakamani, na malipo kidogo tu yanatosha. Usitume hata dola moja kabla hujazijua tarehe zako!

Vuta ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, zote tatu, maana mara nyingi hazifanani. Ni bure. Ukikuta tarehe au kiasi kimekosewa, pinga kwa maandishi na uambatishe nakala za risiti. Kwa kawaida kampuni hizo zina siku 30 za kuchunguza, na zisipoweza kuthibitisha lazima zirekebishe au zifute. Na tafadhali, anayetaka umlipe kwanza ili afute taarifa za kweli, mkimbie.