Simtanki au kisima? Anza kuhesabu ndoo

Ndugu yangu wa Tandahimba, umeuliza hela ya korosho uiweke kwenye simtanki la lita 5,000 au uchimbe kisima cha maji ya mvua, ili ufike Desemba bila kuhangaika. Mimi niko Newala, huku juu ambako ukitaka maji ya ardhini unateremka bondeni na kupanda tena na dumu kichwani. Nyumbani kwangu tunakunywa paa.

Hesabu ndoo kwanza. Tuko watu 6, na tulikuwa tunamaliza ndoo 6 za lita 20 kwa siku, yaani lita 120. Kwa mwendo huo simtanki lako linakauka siku ya 42. Mvua ikikatika mwisho wa Aprili, Juni haijafika katikati na wewe unamsubiri mwenye boza. Kisima changu ni mita 3 kwa 3, kina mita 2 na nusu: lita 22,500. Chimba.

Ila simamia fundi. Mwaka wa kwanza nilikuwa natumbukiza fito yenye alama kila Jumapili. Kwa kisima hiki sentimita 1 ni lita 90. Wiki moja maji yakashuka sentimita 15, lita 1,350, na sisi tulikuwa tumechota 840 tu. Nikamshuku jirani (Mungu anisamehe), nikatia kufuli. Yakaendelea kushuka. Ndipo nikapima jioni, usiku asichote mtu, asubuhi nikapima tena: karibu nusu sentimita imekwenda. Kulikuwa na ufa kwenye kona, mwembamba kama uzi. Fundi alipiga plasta akaondoka, na sisi tukaionea choyo kuimwagilia kwa sababu maji yalikuwa ya kununua, ikakauka upesi ikapasuka. Kisima kilipokauka nikaupanua ule ufa kwa tindo, nikajaza saruji na mchanga, nikapiga niru (uji wa saruji wa kulainisha juu), nikafunika kwa magunia yaliyolowa siku 7.

Jambo lingine ambalo watu wa mbali hawalijui: salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Kiangazi chote mikorosho inapulizwa, na ule unga hautui kwenye mikorosho peke yake. Pitisha kidole kwenye bati mwezi wa Septemba uone kilivyo cha njano. Kwa hiyo mvua za kwanza usiziingize kisimani hata kama roho inauma. Mimi nachomoa bomba la gata, maji yanamwagika chini mpaka yatoke meupe, ndipo narudisha. Mdomoni pa kisima funga chandarua, mbu wasizae humo.

Matumizi tumeyashusha hadi lita 80 kwa siku. Kibuyu chirizi (dumu la kunawia linalochirizisha maji kidogo kidogo) mlangoni mwa choo, vyombo kwenye mabeseni mawili badala ya kumiminia, maji ya kusuuzia nguo yanaoshea choo, ya kuogea watoto yanakwenda kwenye mpapai. Mama watoto alinuna mwezi mzima kuhusu mabeseni. Lakini kwa lita 80 kisima kilekile kinatupeleka siku 281.

Pima urefu na upana wa paa uniambie. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukitoa ya kwanza unayomwaga na yanayoruka gata, tutajua kisima chako kiwe na ukubwa gani kabla hujamwita mchimbaji.